Maganda ya Ruponda na Msasa Wangu

Maganda ya risasi yaliyolala katika mashamba ya Ruponda, wilayani Nachingwea, tangu enzi za Mjerumani, mimi ndiye niliyeyakusanya, nikayaosha, nikayapiga msasa mpaka yakang'aa, na kwa kufanya hivyo nikayaharibu. Nilikuwa mwalimu wa historia. Hakuna aliyenishurutisha, wala sikuwa na haraka. Nilifanya kwa bidii na kwa furaha, nikawatia watoto wa watu katika kazi hiyo, na sehemu ya kazi yenyewe ingeweza kuwaua. Naandika kwa sababu wapo walimu wengine Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Masasi wenye maganda ya namna hiyo kwenye makabati yao. Naandika pia kwa sababu waliokuwa wanafunzi wangu wana haki ya kusikia kutoka kwangu mwenyewe kwamba kosa halikuwa lao.

Asiyeijua nchi hii atashangaa maganda hayo yalitoka wapi. Udongo wetu umepigwa risasi mara nyingi. Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianzia milima ya Matumbi, na kabla mwezi wa Agosti haujaisha moto ulikuwa umeshafika Liwale na bara ya Lindi, misheni ya Nyangao ikashambuliwa. Miaka 12 baadaye wakaja Waingereza. Tarehe 19 Julai 1917 walipigana na Wajerumani pale Narungombe, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Ruangwa. Waliofyatuliana risasi siku ile wengi wao walikuwa Waafrika: askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani, upande mmoja, King's African Rifles (KAR) na kikosi cha Gold Coast, vya Mwingereza, upande wa pili. Vita vikasogea kusini kupitia bonde la Mbwemkuru. Ruponda yenyewe ilikuwa na ghala kubwa la chakula la Wajerumani, na Oktoba ya mwaka huo likatekwa. Siku chache baadaye Mahiwa na Nyangao zikawaka kwa siku nne mfululizo, damu ikamwagika kuliko mahali pengine popote katika vita vile vya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Novemba Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani akavuka Ruvuma na mabaki ya jeshi lake. Kisha, katika miaka ya 1960, Nachingwea ikawa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, na milio ya bunduki ikasikika tena, safari hii ya vijana waliokuwa wakijiandaa kuikomboa Msumbiji.

Mkulima wa Ruponda akilima matuta ya mihogo au akipalilia chini ya mikorosho, jembe lake linaweza kugonga ganda la kipindi chochote kati ya hivyo. Ganda la 1905, la 1917 na la FRELIMO yanaweza kulala katika shamba moja. Mimi nilijua hivyo. Nilikuwa nalifundisha darasani.

Mwaka 2017 ulikuwa unakaribia, miaka 100 tangu vita vile vipite hapa, na mimi nikataka shule yangu iwe na kona ya makumbusho. Wazo lenyewe sioni aibu nalo hadi leo. Watoto wa kijiji hiki husoma kuhusu Verdun na Somme na hawaambiwi kwamba vita hivyohivyo viliwaua watu penye kisima wanachotekea maji. Asubuhi moja, mstarini, nikatangaza kwamba kila mwenye ganda la risasi nyumbani alilete, na asiye nalo amwombe babu au bibi, au atafute shambani. Nikaahidi daftari na kalamu kwa atakayeleta mengi.

Watoto wakaleta. Wakaleta kwenye mifuko ya sare, kwenye makopo ya maziwa, kwenye vitambaa. Kila mmoja alikuja na maneno mdomoni: hili limetoka kwa mjomba, chini ya kichuguu, haya yalikuwa mstari mmoja pembeni mwa bonde, yamekaa mawili mawili, hili alilikuta babu akichimba msingi wa nyumba. Mimi nikisema vizuri sana, asante, weka humo. Humo ni kwenye debe. Debe moja. Sikuandika hata neno moja.

Nikisema niliharibu, watu hufikiri nazungumzia mng'aro. Uharibifu ulianzia hapo kwenye debe. Maganda yaliyokaa mstari mmoja pembeni mwa bonde yanaonyesha mahali watu walipolala kifudifudi wakifyatua, na walikuwa wameelekea wapi. Maganda mengi yaliyorundikana mahali pamoja padogo huenda ni ya bombomu. Nafasi kati ya ganda na ganda ni nafasi kati ya mtu na mtu. Hayo yote nilielezwa na watoto wa miaka 13 na 14, bure, wakiwa wamesimama mbele yangu, na nikayaacha yapite kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye debe linalojaa.

Namna ya kusafisha nilijifunza kwa jamaa yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye kambi ya wawindaji wa kitalii. Wageni wale, huko kwao, hawatupi maganda ya risasi walizopiga. Huyaokota, wakayasafisha na kuyajaza upya: hutoa fataki iliyokwisha kulipuka, huosha ganda kwa maji yenye tindikali ya ndimu, kisha hulizungusha ndani ya pipa pamoja na chengachenga za magunzi ya mahindi mpaka ling'ae. Wanayo sababu. Ganda chafu hukwama kwenye mtutu, na uchafu huficha ufa unaoweza kumpasukia mtu usoni. Wao wanasafisha ganda ili litumike tena kesho. Mimi nilichukua ufundi wa kesho nikautumia kwa kitu ambacho thamani yake yote ilikuwa jana, na sikujiuliza hata mara moja kama kazi hizo mbili zinafanana.

Nilifanya hivi. Nikaloweka maganda usiku kucha kwenye ndoo ya maji, ndimu na chumvi. Asubuhi maji yamekuwa ya kijani na kutu yote ya shaba imeyeyuka. Nikawapa wanafunzi majivu na mchanga laini wasugue. Yaliyobaki na madoa nikayatia kwenye pipa dogo la rangi lenye magunzi yaliyotwangwa, vijana wakalibiringisha uwanjani kwa zamu. Kwa vile vitako ndivyo vilivyokuwa vimeliwa zaidi, vina vishimo na vijiuvimbe, nikavipiga msasa mimi mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka vikawa laini kabisa. Mwisho nikapaka Brasso.

Katika kulowekwa huko ndipo kilipotokea kitu ambacho sijawahi kukisimulia kikamilifu, hata kwa mkuu wa shule. Nilipomwaga maji ya ndoo niliona ganda moja lina uzito. Nikaligeuza. Halikuwa ganda, ilikuwa risasi nzima, na kichwa chake kimo ndani bado. Usiku ule ilikuwa imelala kwenye tindikali, na jana yake mtoto alikuwa ameibeba mfukoni kutoka kwao akikimbia ili asichelewe. Nilipowauliza wanafunzi, wawili wakasema wao walikuwa na nyingine nyumbani, na mmoja alikuwa ameanza kuing'oa kichwa kwa koleo ili apate ganda la kuleta. Na mimi siku chache kabla nilikuwa nimewafundisha kutoa fataki kwa msumari na nyundo. Kwa fataki iliyokwisha kulipuka hilo halina neno. Kwa ile ambayo haijalipuka, kemikali iliyomo ndani, hata ikiwa na miaka 100, inangoja pigo hilohilo. Mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuzitofautisha, na mimi sikuwa nimemwambia kwamba kuna tofauti.

Polisi walikuja wakazichukua zile risasi nzima. Afisa aliyekuja alikuwa mtu mzima, hakunifokea. Aliniuliza tu: "Mwalimu, ni nani aliyewaambia watoto wakachimbe?" Nikasema ni mimi. Akaandika. Nashukuru Mungu kwamba hakukuwa na kingine cha kuandika. Lakini ningependa msomaji aelewe kwamba hapakuwa na busara yangu yoyote katika usalama ule. Watoto walipona, basi.

Baada ya hapo mtu angetegemea niache. Nilizuia wanafunzi wasiguse tena kitu, nikaendelea na kung'arisha peke yangu jioni, kwa kuwa siku ya maonyesho ilikuwa imekaribia. Nikayapanga kwenye meza juu ya kitambaa chekundu, nikaandika kibao kimoja: "Maganda ya Risasi, Vita vya Mjerumani na Mwingereza, Ruponda, 1917." Humo ndani mlikuwa na maganda ya chuma, mengine yamebaki na viraka vya rangi, ambayo kwa vyovyote yalitoka kwenye mazoezi ya FRELIMO. Tindikali ilikuwa imeyala vibaya. Nikayaweka pembeni kidogo, chini ya kibao kilekile. Mwalimu wa historia.

Wazee walialikwa. Bibi mmoja wa kijiji jirani, ambaye mjukuu wake alikuwa ameleta maganda kadhaa, alisimama mbele ya meza muda mrefu. Nikamsogelea nikamwamkia, nikamuuliza kama anayaona ya kwake.

"Hayapo, mwalimu."

Nikamwambia yapo, bibi, mjukuu wako aliyaleta, tumeyasafisha tu.

"Haya ni mapya," akasema. "Langu mimi lilikuwa la kijani, nene, na ndani lilikuwa na ugoro wa mama."

Kumbe ganda moja kati ya yale lilikuwa limetumika miaka mingi kama kichupa cha ugoro. Mama yake alilikatia kizibo cha mti, akalitoboa ukingoni, akalivaa kwa kamba shingoni, na kabla yake alilivaa bibi yake. Akanieleza kwamba kwao husimuliwa kuwa ganda lile lilitoka kwenye vita vya maji, siku askari walipowafuata watu bondeni, wala halihusiani na vita vya Waingereza. Nililikumbuka mara moja lile tundu la ukingoni. Nilidhani ni kutu imelitoboa. Nililitia Brasso kama mengine, na kabla ya Brasso nilikuwa nimelikorokochoa ndani kwa waya ili litoke lile tope jeusi lililoganda.

Nilimpa ganda lake mkononi. Alilitazama, akalinusa, akanirudishia. Akasema nibaki nalo.

Sikulala vizuri usiku ule, ila ujinga wangu haukuishia hapo, kwa sababu bado nilidhani nimemkosea bibi yule peke yake. Ilinichukua muda kuelewa nilichokifuta. Lile ganda nene ni la bunduki ya Mauser ya 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi, ile inayotoa moshi mzito unaomfichua mpigaji. Askari wa Mjerumani walikuwa nayo wakati wa Maji Maji. Na vita kuu vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado zinaitumia hiyohiyo. Kwa hiyo ukilikuta ganda lake Ruponda, umbo lake peke yake halikuambii ni la 1905 au la 1917. Kitu kinachoweza kukuambia ni kitako. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikigonga kwenye kitako cha ganda alama ya kiwanda pamoja na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwenye maganda yao ya milimita 7.9 hukutwa pia namba 67, yaani asilimia ya shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Maganda ya Kiingereza ya .303 nayo yana herufi za kiwanda, labda Woolwich kule London, labda Kirkee kule India, na namba ya Kirumi ya aina ya risasi.

Ganda lenye mwaka wa baada ya 1907 haliwezi kuwa la Maji Maji. Lenye mwaka wa kabla yake linaacha mlango wazi. Mahali ambapo hakuna Mjerumani aliyeandika taarifa, na wazee waliosimulia wamekwisha kufa, tarakimu chache kwenye kitako zingeweza kusimama upande wa simulizi la ukoo ule au kulipinga kwa haki. Nilizipiga msasa. Vile vijiuvimbe nilivyovilainisha kwa uangalifu, nikipuliza vumbi na kutazama tena, vingine vyake vilikuwa ni tarakimu.

Nilisoma baadaye jambo jingine lililonichoma zaidi. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, ikikimbizwa na Waingereza, ilizamishwa ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na shehena ya bunduki na risasi. Vitu vingi viliopolewa, ila risasi zilikuwa zimenywa maji ya chumvi. Lettow-Vorbeck anasimulia katika kitabu chake cha kumbukumbu jinsi zilivyofunguliwa, baruti ikakaushwa na kusafishwa, fataki mbovu zikabadilishwa, zikafungwa upya. Machi mwaka uliofuata meli nyingine, Marie, ikapenya na kushusha silaha Sudi, hapahapa kwetu Lindi, zikapandishwa bara juu ya vichwa vya wapagazi. Kwa hiyo katika mashamba yetu kunaweza kuwa na maganda yaliyofunguliwa na kufungwa kwa mkono hapahapa nchini na mafundi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Kama zipo alama za kazi hiyo, zitakuwa mikwaruzo midogo shingoni mwa ganda na pembeni mwa fataki. Mimi fataki nilizitoa kwa msumari, na shingo nilizisugua kwa mchanga.

Nawafikiria sana wapagazi. Wa upande wa Waingereza peke yao, waliokufa katika vita vile, wengi kwa kuhara damu na njaa, wanahesabiwa kukaribia laki moja, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Kila ganda la vita vile lililoko Ruponda lilibebwa na mtu mpaka hapa. Njia walizopita zinaweza kufuatwa kwa vitu vilivyodondoka na kutupwa, ikiwa tu vitu hivyo vimeachwa vilipo au pameandikwa vilipotoka. Vya kwangu havifuatiki tena.

Kuhusu Brasso, niliambiwa na mtu anayejua madini kwamba dawa za kung'arishia zenye amonia ni sumu kwa shaba ya manjano, na kwamba wale wanaojaza risasi upya huikwepa kabisa. Waingereza waligundua hilo zamani kule India: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka shingoni zenyewe, bila kuguswa, na ikaja kujulikana kwamba ni amonia ya mikojo ya farasi ikishambulia shaba iliyokazwa kiwandani. Yangu nayo yamepasuka. Mwaka wa pili baada ya maonyesho nilifungua kabati nikakuta kadhaa yana nyufa za wima kutoka mdomoni kushuka chini. Ile kutu ya kijani niliyoichukia ilikuwa imeyatunza ardhini miaka 100.

Hakuna sheria iliyonizuia kusugua. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863. Risasi za Maji Maji na za 1917 haziko humo, isipokuwa ziwe zimetangazwa kwa namna ya pekee. Naona hilo linahitaji kurekebishwa, kwa sababu historia nzito kuliko zote ya kusini imeanguka upande wa pili wa mwaka huo. Kwa sasa ulinzi pekee ni mkono wa mtu aliyelishika ganda, na mkono wangu ulikuwa na msasa.

Nilirudi kwa yule bibi kumwomba radhi. Niliongozana na mzee wa kijiji, nikakaa mkekani, nikasema nilivyofanya kimoja kimoja, pamoja na ule waya. Hakusema amenisamehe. Alinisimulia habari za mama yake, alivyokuwa akilivaa ganda lile akienda shamba na akienda msibani, na alivyokuwa akiligonga kwa ukucha kabla ya kulifungua. Akataka niandike. Niliandika, na safari hii sikuacha neno. Ganda lake nimelitenga kwenye bahasha yake pamoja na karatasi hiyo, nikaongeza kwa mkono wangu kwamba maandishi ya kitako yalifutwa na nani na kwa kifaa gani, asije mtu baadaye akadhani lilitoka kiwandani likiwa tupu.

Kile kibao cha 1917 nimekiondoa. Mahali pake pana karatasi inayosema kwamba maganda haya yamechanganyika, yametoka vipindi tofauti, na yalisafishwa vibaya na mwalimu. Nimeanza pia daftari. Nimewatafuta waliokuwa wanafunzi wangu, wengine sasa wako Mtwara, wengine Dar es Salaam, wengine wana watoto. Namuuliza kila mmoja: uliliokota wapi? Wengine wamesahau. Wawili wamenipa majibu yanayopingana juu ya bonde lilelile, nami nimeyaandika yote mawili. Binti mmoja alinichorea shamba zima kwa kijiti mchangani, kichuguu, mkorosho mkubwa, njia ya maji, na yale maganda mawili mawili, tangu hapa hadi pale. Alikuwa na miaka 14 aliponiambia mara ya kwanza.

Ukiwa ulisoma kwangu na uliwahi kutia ganda kwenye debe langu, nakuomba unitafute unieleze ulilitoa shamba la nani, lilikuwa kina gani, na lilikuwa peke yake au na wenzake. Kama nyumbani kwenu bado kuna mengine, yaache na kutu yake, usiyaoshe hata kwa maji. Andika kwenye karatasi mahali yalipotoka na jina la aliyeyaokota. Na likiwa lolote lina kichwa chake bado, usilibebe. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, mwite mwenyekiti wa kijiji awaite polisi.